Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Sisi tuliokaa kuandika makala haya ni watatu. Wote tumekulia Tooting, wote ni wanachama wa Labour, na tunaomba wasomaji walijue hilo mapema, pasije pakatokea wa kutuambia kwamba tumejificha nyuma ya pazia la uchambuzi. Walimu wetu hutufundisha kupima pande zote mbili za hoja. Leo watusamehe. Tunakidai chama chetu deni, na mdai hawezi kujifanya mpita njia.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili tulichopewa nyumbani ni cha jikoni, cha simu za Jumapili na cha kukaripiwa. Mmoja wetu alikipata kwa bibi yake, Mgujarati aliyezaliwa Nairobi, ambaye hadi leo akikutana na mtu wa kwao pale Broadway Market huacha Kiingereza na bilinganya zikasubiri. Wa pili mama yake ni wa Likoni. Wa tatu baba yake ni wa Tanga. Hakuna aliyetufundisha kusema "ilani", "muswada" wala "uwajibikaji". Hayo tumeyakuta darasani, tumeshapiga kura tayari. Tulipofika kwenye "kuwajibika" tulikaa nalo kipindi kizima. Neno la Kiingereza la jambo hilo limetoka kwenye kuhesabu: mtu hutoa hesabu zake, akimaliza huenda zake. La kwetu limetoka kwenye wajibu. Tena Watanzania wamelizidishia uzito, kwani wakisema waziri "amewajibika" mara nyingi maana yake amejiuzulu. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliacha uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya raia walioteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola, ingawa si yeye aliyewagusa. Mwaka 1985 akawa Rais. Baba wa mwenzetu hukisimulia kisa hiki kila mara mwanasiasa wa London anapotokea kwenye televisheni kueleza kwamba hali imebadilika tangu alipoahidi.

Sasa Tooting. Jimbo hili lilianzishwa mwaka 1974 na halijawahi kuchukuliwa na chama kingine. Alianza Tom Cox, akafuata Sadiq Khan mwaka 2005, na Khan alipokuwa meya wa London mwaka 2016 uchaguzi mdogo ukamleta Dkt. Rosena Allin-Khan, ambaye ni daktari wa dharura pale St George's. Tunajivunia. Wazee wa hapa wakisikia "vijana wa Tooting" na "siasa" katika sentensi moja hucheka, kwa sababu miaka ya 1970 BBC ilikuwa na kichekesho kiitwacho Citizen Smith, ambacho shujaa wake alitaka kupindua dunia kwa jeshi la marafiki wachache wa mtaa huu huu. Wacha wacheke.

Wala hatusemi kwamba chama chetu hakitekelezi. Khan aliahidi nauli moja ya basi itakayomruhusu mtu kupanda basi la pili bila kulipa tena, na ilianza Septemba 2016, miezi minne tu baada ya kuapishwa. Chakula cha mchana cha bure kwa watoto wote wa shule za msingi za serikali London kimekuwepo tangu Septemba 2023, na wadogo zetu wanakila. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba wanasiasa wote ni wale wale. Kauli hiyo inasikika kama hekima, lakini kwa kweli ni msamaha: ukishasema wote ni waongo, humdai yeyote chochote.

Deni letu la kwanza ni la ada ya chuo. Tunalijua kwa ndani. Ada zilirudishwa na Labour mwaka 1998, pauni 1,000 kwa mwaka. Ilani ya Labour ya 2001 ikaahidi kwamba hazitaongezwa juu ya hapo. Januari 2004 Bunge likapitisha nyongeza ya hadi pauni 3,000 kwa kura 316 dhidi ya 311, huku wabunge wengi wa chama chenyewe wakipinga. Baadaye wakaja Liberal Democrats. Mwaka 2010 wagombea wao walitia saini, mbele ya kamera, kwamba watapinga nyongeza yoyote. Walipoingia serikalini na Conservative ada ikapandishwa hadi pauni 9,000. Kiongozi wao Nick Clegg aliomba radhi mwaka 2012, wapiga kura wakamjibu mwaka 2015: kutoka viti 57 walibaki na 8. Sisi tulikuwa watoto wadogo, lakini hadithi hiyo tumelelewa nayo katika chama kama watoto wengine wanavyolelewa na hadithi za sungura na fisi. Fisi alikuwa Clegg.

Halafu Keir Starmer, alipogombea uongozi wa chama mwaka 2020, akaweka kufutwa kwa ada katika ahadi zake kumi. Mwaka 2023 akaiacha ahadi hiyo. Novemba 2024, miezi minne baada ya ushindi wetu, serikali yetu ikatangaza kuipandisha ada kutoka 9,250 hadi 9,535. Tutaambiwa, na tumeshaambiwa, kwamba ilani ya 2024 haikuahidi kufuta ada. Ni kweli, haikuahidi. Tumeisoma. Lakini ahadi iliyompa mtu uongozi wa chama haigeuki hewa kwa kuachwa nje ya kitabu miaka minne baadaye. Ilitolewa kwa vigelegele. Tunaletewa malipo yake kwa sauti ya matangani. Waswahili walishalisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Na hapa anayekopa ni mwingine, anayelipa ni sisi.

Deni la pili si letu, ni la urithi, na ndilo lililotufanya tuandike.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Waasia waliokuwa huko walipewa miaka miwili ya kuomba uraia wa Kenya. Wengi hawakuomba. Walibaki na pasipoti za Uingereza, zilizotolewa kwa jina la serikali ya Uingereza, na walielewa hivyo kama mtu yeyote angeelewa: siku mambo yakiharibika, mlango upo. Mwaka 1967 Kenya ikaanza kuwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi na leseni za biashara. Mambo yakaharibika, watu wakauendea mlango. Serikali ya Uingereza iliyokuwa madarakani ilikuwa ya Labour. Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, alipeleka muswada Bungeni mwishoni mwa Februari 1968, ukapita katika siku tatu, na tarehe 1 Machi ukawa sheria. Kuanzia hapo pasipoti peke yake haikutosha. Ulihitaji mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza, na kila mtu alijua ni rangi gani yenye babu wa namna hiyo. Wengine wote waliwekewa foleni ya vocha 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa kaya. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kwamba ubaguzi huo ulifikia kuwadhalilisha watu.

Linalotuuma zaidi sisi wenye chama ni nani aliyesimama upande wa ahadi. Alikuwa Iain Macleod, Mconservative, aliyewahi kuwa Waziri wa Makoloni. Alisema wazi kwamba neno lilitolewa, na akaupigia muswada kura ya kuupinga. Na Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, waliopokea watu wapatao 28,000 ni serikali ya Conservative ya Edward Heath. Hatuwapendi Conservative, na orodha ya sababu tunayo. Lakini historia haikuulizi kadi yako ya chama.

Ba, yaani bibi wa mwenzetu, alitua Heathrow Februari hiyo ya 1968, siku chache kabla mlango haujafungwa, ndege imejaa, sweta moja kwa watoto wawili. Hana kinyongo, anasema alibahatika. Jambo ambalo hatukulielewa kwa muda mrefu ni kwamba tangu alipoanza kupiga kura hapa amekipigia chama kile kile. Tulimuuliza kwa nini. Akajibu kwa Kiswahili chake cha Nairobi, ambacho mwalimu wetu wa sarufi tafadhali asikisahihishe: "Wewe nakimbia mtu iko na deni yako, sasa nani talipa wewe?"

Binamu zetu wa Nairobi hawakubaliani na Ba. Juni 2024 walikuwa barabarani kupinga Muswada wa Fedha. Serikali ya William Ruto iliingia mwaka 2022 ikiwaahidi mahasla nafuu, nao wakaletewa mapendekezo ya kodi hadi kwenye mkate. Vijana wa umri wetu waliusoma muswada ule, wakaufafanua kwa lugha za watu, wakautuma kwenye simu. Tarehe 25 waliingia Bungeni, na kuna waliouawa siku hiyo. Tarehe 26 Rais akasema hatatia saini. Walijiita vijana wasio na kabila, wasio na chama na wasio na kiongozi. Tunawaheshimu kwa namna ambayo ni vigumu kuieleza tukiwa tumekaa kwenye kiti cha maktaba yenye joto. Binamu mmoja alituuliza kwenye simu: mwasemaje nyinyi na kadi zenu?

Jibu letu ni hili, na tunajua halitampendeza. Umati unaweza kuuzuia muswada kwa siku moja, lakini nani atabaki chumbani ilani ya miaka mitano ijayo inapoandikwa? Kenya yenyewe inatufundisha. Mwaka 2002 NARC iliahidi elimu ya msingi bila malipo na katiba mpya katika siku mia moja. Elimu ilianza Januari 2003. Katiba ilikuja Agosti 2010, baada ya muungano kusambaratika na damu kumwagika. Waliokuwa ndani ya ule muungano na wakakaa kimya kulinda umoja hawakuulinda umoja wala katiba.

Na sheria haitusaidii sana. Hapa Uingereza, kwa sheria ya 2015, asilimia 10 ya wapiga kura wa jimbo wanaweza kumwondoa mbunge kitini, lakini mpaka kwanza ahukumiwe kwa makosa fulani au asimamishwe na Bunge. Kuvunja ahadi hakumo. Yaani mbunge akidanganya kuhusu gharama zake ana kesi. Akidanganya kuhusu maisha yako ana kazi.

Kwa hiyo wanabaki wanachama. Mei 2026 Wandsworth inachagua madiwani. Labour iliichukua halmashauri hii mwaka 2022, baada ya Conservative kuishika tangu 1978, na bila vijana wa kupita nyumba kwa nyumba haitabaki nayo. Tumeanza kupita. Jumamosi moja, ghorofa ya nne ya jengo lisilohitaji kutajwa, alitufungulia mama mmoja ambaye alitusikia tukibishana kwa Kiswahili ngazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni ndani. Hayo makaratasi yaacheni nje."

Alitupa chai ya tangawizi na mahamri, akatuuliza sisi ni wa nani, akamjua shangazi wa mmoja wetu. Kisha akafungua droo ya kabati akatoa kipeperushi cha zamani, kimekunjwa mara nne, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye mstari wa ukarabati. "Huyu alonipa hiki alikuwa kijana mzuri kama nyie," akasema. "Lifti iko vile vile. Yeye simwoni." Mguu wake ulikuwa umefungwa bandeji. Tulinyamaza. Yule kijana hatumjui, na lifti ina mwenye jengo, ina mkandarasi, ina barua na majibu ya barua. Lakini mama hakupewa mkandarasi mlangoni. Alipewa rangi nyekundu na neno "tutafanya".

Tumeandika hoja ya kupeleka kwenye tawi letu. Inataka kila kipeperushi kipya kiwe na upande wa nyuma unaosema tuliahidi nini mara iliyopita, kipi kimefanyika, kipi bado, na kwa nini bado. Inataka pia uongozi wa taifa uulizwe kwa maandishi kuhusu ahadi ya ada ya 2020. Tumeisoma mbele ya wazee kadhaa wa chama. Mmoja alituambia, kwa upole, kwamba tunawapa maadui fimbo ya kutuchapia. Tulimjibu kwa adabu kwamba fimbo hiyo wanayo tayari. Wanaikuta kwenye droo za watu. Mwingine akasema tungoje uchaguzi upite. Huyo hatukumjibu, maana tulikumbuka kwamba baada ya uchaguzi huambiwa tungoje bajeti.

Hatujakubaliana sisi wenyewe tutafanya nini ikikataliwa. Wa Likoni anasema hatabisha hodi mlango hata mmoja. Wa Tanga anasema atapita, na akiulizwa atasema ukweli. Mjukuu wa Ba anasema atapita vile vile, ila atakwenda na kipeperushi cha zamani mfukoni.

Hoja ni ya saba kwenye ajenda, baada ya ripoti ya mweka hazina. Tumepewa dakika tatu.