Pembetatu ya Mfugaji

Jifya moja haliinjiki chungu, walinena wahenga. Aghalabu methali hii hutumiwa kuusifu ushirikiano, ilhali ndani yake mna jiometria pia. Mafiga matatu yakipangwa katika mstari mmoja, chungu huanguka. Yakiunda pembetatu, chungu hutulia.

Hata hivyo, si kila pande tatu hukubali kukutana. Vijiti vya sentimita 3, 4 na 9 haviundi pembetatu, kwani vile viwili vifupi, hata vikiunganishwa na kunyooshwa, hufika 7 tu. Jumla ya pande mbili zozote sharti iuzidi upande wa tatu. Euclid aliithibitisha kanuni hii yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Proclus, mwanafalsafa wa karne ya 5, anasimulia kwamba wafuasi wa Epicurus waliibeza: hata punda aliyewekewa majani huyaendea moja kwa moja, wala hazunguki.

Leparua, katika nyika ya Isiolo, punda ndiye abebaye madumu ya maji, na njia ya mkato anaijua. Lakini kejeli ile haikutosha. Punda huijua njia fupi. Haijui ile isiyowezekana.

Boma likiwa kilomita 3 kutoka kisimani, na malisho kilomita 5 kutoka bomani, umbali baina ya kisima na malisho waweza kuwa wowote kati ya kilomita 2 na 8. Ukiwa 4 barabara, pembe ya kisimani ni mraba. Ukipungua, pembe hiyo huwa butu. Urefu wa pande ndio uamuao umbo, wala hakuna pembe iwezayo kuupinga.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka kuwa suala la uhai. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliikosesha kaskazini mwa Kenya misimu mitano mfululizo ya mvua. Ukame kama huo ukiyasukuma malisho hadi kilomita 12 kutoka bomani, kisima kile kile sasa kitakuwa mbali na malisho kwa kilomita 9 au zaidi. Mchungaji aelekee mashariki au magharibi, mzunguko wa boma, malisho na kisima haupungui kilomita 24. Bidii yake haiupunguzi, wala uhodari wa mbwa wake.

Yamkini basi kisima kilichochimbwa karibu na makazi kikawafaa watu, kisiwafae ng'ombe walio mbali. Ama maji yayafuate malisho, ama boma lihame. Kuhama huko, ambako wageni wengi wamekuita kutangatanga, si utovu wa makao. Ni kuufupisha upande mmoja wa pembetatu ili pande nyingine mbili zipate kukutana, na mifugo ifike majini ingali hai.