Winga akitakiwa na wakubwa

Agosti 2021, katika nyumba moja ya Mbagala jijini Dar es Salaam, baba wa watoto watatu aliacha wali wake mezani hadi ukapoa. Hakuwa amegombana na mtu. Simba ilikuwa imemuuza winga wake, Luis Miquissone, kwenda Al Ahly ya Misri, na mwezi huohuo Clatous Chama naye akaenda RS Berkane ya Morocco.

“Hawa viongozi wana akili kweli? Unamuuzaje mtu kama yule?” alifoka.

Mkewe, ambaye mpira kwake ni kelele tu za sebuleni, aliuliza huku akikusanya vyombo: “Baba watoto, yule kijana angekuwa wa kwako, ungemwambia akatae?”

“Hayo ni mambo mengine.”

Hayakuwa mambo mengine, ila ilimchukua zaidi ya miaka miwili kuliona hilo.

Uchungu wake ulikuwa na sababu. Agosti 2019 Luis alikuja Dar es Salaam na UD Songo ya Msumbiji, akaifunga Simba na kuisaidia timu yake kuwatoa Wekundu wa Msimbazi katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Miezi michache baadaye Simba ikamsajili. Kisha ikaja Februari 23, 2021. Dakika ya 31, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Luis alipiga shuti kali la mbali, na Al Ahly, bingwa wa Afrika, ikalala bao 1-0. Baba huyo aliliona bao hilo kwenye kibanda umiza, amebanana benchi moja na mwanawe wa kwanza, wakati huo ana miaka 12. Kesho yake mtoto alimwambia kocha wa timu ya mtaani kwamba hataki tena kucheza beki. Anataka winga.

Kwa hesabu za klabu, kuuza halikuwa kosa. Mkataba wa mchezaji ukibakiza miezi sita, kanuni zinamruhusu kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine, na ukiisha anaondoka bure. Luis alikuwa na miaka 26, umri ambao winga wa mbio ana bei nzuri. Aliyemtaka ni klabu yenye mataji mengi ya Afrika kuliko zote, na kocha wake wakati huo, Pitso Mosimane, alikuwa akimjua tangu Mamelodi Sundowns. Mchezaji wa aina hiyo ukimzuia kwa nguvu, utabaki na jezi uwanjani, moyo uko Cairo.

Kosa, kama lilikuwepo, ni kuwaachia wawili kwa mpigo. Oktoba mwaka huohuo Simba iliyoshinda 2-0 ugenini Botswana ilifungwa 3-1 nyumbani na Jwaneng Galaxy na kutolewa. Msimu ukaisha ubingwa umekwenda Yanga, baada ya Simba kuuchukua mara nne mfululizo. Kila pasi iliyopotea, baba huyo aliihesabu kama ushahidi wake. Hata Pape Ousmane Sakho, winga kutoka Senegal, alipofunga tikitaka dhidi ya ASEC Mimosas, bao lililokuja kuchaguliwa na CAF kuwa bao bora la mwaka 2022, alisema ni zuri, “lakini siyo Luis.”

Huko Misri, Luis mwenyewe hakuwa akicheza. Mechi zilikuwa za kuhesabu, tena nyingi akitokea benchi. Baadaye akapelekwa kwa mkopo Abha ya Saudi Arabia. Mwaka 2023 akarudi Simba, na nyumba ile ya Mbagala ilishangilia kama mtoto katoka ng'ambo. Furaha haikudumu. Miguu ilikuwa ileile, lakini ule wepesi wa kuamua, wa kumkabili beki bila kujiuliza, ulikuwa umepungua. Winga anaishi kwa mechi. Mweke benchi muda mrefu, hata kwenye klabu tajiri, na ujasiri wake unaanza kuota kutu. Yanga nao waliwahi kuonja hadithi inayofanana na hiyo: Tuisila Kisinda aliuzwa Berkane 2021, mwaka uliofuata akarudi Jangwani.

Mwishoni mwa 2023, zamu ikaingia ndani ya nyumba.

Yule mtoto alikuwa amemaliza mtihani wa upimaji wa kidato cha pili. Kocha wa kituo kimoja cha soka cha mkoani alimwona kwenye bonanza la mtaa, akaja nyumbani na fomu. Mtoto angehamia kwenye kituo, asome shule ya jirani, alale bweni. Ajabu ni kwamba baba, yuleyule aliyesusa wali kwa sababu ya Luis, alitaka kusaini usiku uleule. Mama ndiye aliyeishika fomu.

“Huko atacheza?” aliuliza. “Au atakaa kama yule wenu wa Misri?”

Alikuwa akisikiliza zile kelele za sebuleni kumbe.

Baba anauza vipuri Kariakoo, na kazi hiyo imemzoesha kutomwamini mtu anayekuharakisha kulipa. Kesho yake alimpigia kocha simu. Kituo kina mawinga wangapi wa umri huo? Watano. Ada ya shule analipa nani akivunjika mguu? Hilo litazungumzwa. Kwa nini fomu inasema kituo ndicho kitakachomwakilisha mtoto kwenye uhamisho wowote? Ni utaratibu wa kawaida. Na Ulaya mliyomtajia mtoto? Hapo kocha alicheka kidogo. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhama nchi kisoka, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Mtoto wa miaka 14 anayeahidiwa Ulaya kwa mpira, kuna mtu anamdanganya.

Wazazi wakakubaliana abaki hadi amalize kidato cha nne.

Mtoto hakulia. Alikaa siku tatu akijibu “ndiyo” na “hapana” tu. Siku ya nne, baba akiwa anaangalia marudio ya mechi, alikuja kusimama mlangoni.

“Baba, nikuulize kitu?”

“Uliza, mwanangu.”

“Luis ulitaka abaki ili wewe uendelee kumwangalia. Na mimi?”

Baba alizima runinga. Hakuwa na jibu, na mama aliyekuwa jikoni hakuja kumsaidia. Ni rahisi kusema auzwe au abaki wakati mtu huyo humjui. Klabu inapiga hesabu ya fedha na shabiki anapiga hesabu ya mabao. Mzazi hana hesabu hata moja iliyo safi, maana humo imo ada, umo woga wa mtoto kulala mbali, na imo pia, akubali asikubali, hamu yake mwenyewe ya kuonekana.

Waliishia kumruhusu aende likizo ya Desemba, wiki tatu, bila kusaini chochote. Baba alimpeleka stendi ya mabasi alfajiri na kumpa daftari dogo: aandike kila mechi, ameanza au ametokea benchi, dakika ngapi. Mama aliongeza kwamba aandike na alichokula.

Alirudi mweusi kwa jua, viatu vimeachama mbele. Kwenye daftari kulikuwa na mechi sita. Nne aliingia kipindi cha pili, mbili alianza. Chini ya mechi ya mwisho alikuwa ameandika: “Nimekosa penalti. Kocha kasema nipige tena siku nyingine.”

Baba alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akampa mkewe. Fomu bado iko juu ya kabati, rimoti imewekwa juu yake.