Hii vumbi ni ya nani?

Wasee, nilichoma. Wiki tatu zilizopita niliwaambia hapa kwamba ile diski niliyounda kwenye kompyuta, ya kuiga zile zinazozunguka nyota changa kama HL Tauri, haina vumbi la kutosha kuunda sayari za maana. Mlinipongeza sana. Ile namba haikuwa sawa, na afadhali niseme mwenyewe kabla sijaenda kutetea mradi wangu mwezi ujao.

HL Tauri iko umbali wa miaka ya mwanga kama 450. Hakuna mizani ya kufika huko. Tunachopata ni mwanga tu: nyota inapasha chembe za vumbi joto, nazo zinatoa mawimbi marefu yanayonaswa na darubini kama ALMA, kule jangwa la Atacama, Chile. Kutoka hapo unakadiria uzito. Lakini lazima ujue gramu moja ya vumbi hutoa mwanga kiasi gani. Namba hiyo huitwa kapa, na inategemea chembe zimetengenezwa na nini, na zina ukubwa gani.

Sasa mimi nikafanyaje? Programu ya RADMC-3D inataka faili ya vumbi. Nikaipa ya kwanza niliyopata: silikati na grafiti, chembe zisizozidi robo ya mikroni, mchanganyiko wa Mathis, Rumpl na Nordsieck wa 1977. Hilo ndilo vumbi lililonipa joto la diski. Ilipofika kwa uzito, nikachukua kapa ya Beckwith na wenzake ya 1990, kama sentimita mraba 2.3 kwa gramu ya vumbi kwenye wimbi la milimita 1.3, kwa sababu niliona watu wengi wanaitumia.

Msimamizi wangu akaangalia grafu zangu, akanyamaza kidogo, akauliza: "Hii vumbi ni ya nani?"

Nikadhani ananitania. Kumbe nilikuwa nimenunua maharagwe kwa gorogoro iliyobonyezwa chini, halafu nikapiga hesabu ya faida kwa gorogoro nzima.

Na tofauti si ndogo. Jedwali la Ossenkopf na Henning la 1994, la chembe zilizoshikana na kufunikwa barafu, linatoa kama 0.9 kwenye wimbi lile lile. Mwanga haujabadilika, joto halijabadilika, lakini uzito unapanda mara mbili na nusu! "Haitoshi" inageuka "labda inatosha". Halafu kuna mtego mbaya zaidi: kapa zingine ni za gramu ya vumbi peke yake, zingine ni za vumbi pamoja na gesi. Kwa kawaida gesi huchukuliwa kuwa kama mara 100 ya vumbi, kwa hivyo ukichanganya hapo umekosea mara 100.

Kuna watu wataniambia najisumbua, eti kuna makosa makubwa kuliko hayo. Sikubali. Makosa mengine programu inakupigia kelele. Hili liliniacha nikimbize simulesheni usiku kucha, nikapata grafu safi kabisa.

Msimamo wangu sasa: anza na mahali. Mchanganyiko wa 1977 ulitengenezewa anga iliyo kati ya nyota, ilhali kwenye diski chembe hukua hadi milimita. Ukishachagua vumbi lako, hilo hilo lifyonze mwanga, litawanye mwanga, likupe joto, likupe na uzito. Ukilibadilisha, rudia kila kitu. Usichague vumbi kwa kuangalia jibu. Nasema hivyo kwa sababu nilijaribiwa, bana. Nilikaa na faili tano mbele yangu, na moja ilikuwa inaokoa ile posti yangu ya kwanza.

Nimeanza upya na faili moja. Jana stima ilipotea mara mbili katikati ya hesabu, kwa hivyo jibu bado. Ile posti ya zamani sijaifuta, nimeiandikia kwa wino mwekundu juu: namba hii ni ya vumbi mbili.