Masika yalipotufungia njia Hell's Gate

Likizo ya Aprili huja pamoja na mvua za masika. Mzazi anayepanga kuwapeleka watoto matembezi wakati huo, hasa penye mabonde na mito, hana budi kuwa na mpango wa pili.

Sisi tulikwenda Mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli karibu na pundamilia na twiga. Wanangu walitamani kitu kimoja tu: kushuka katika korongo la Ol Njorowa wakaguse maji ya moto yanayochuruzika mwambani.

Njia ya kuteremkia ilikuwa tope tupu. Chini, kijito ambacho wakati wa kiangazi mtu hukiruka bila kulowa kilikuwa kimejaa maji ya rangi ya udongo, ukuta hadi ukuta.

"Leo hapashukiki," mwelekezi akasema.

Kifungua mimba wangu akamwonyesha jua. Mbona tusishuke na hakuna mvua?

"Mvua ya hapa si shida. Tazama kule juu milimani."

Korongo hili ni jembamba. Mvua ikinyesha mbali, maji huingia humo kwa kishindo hata kama juu yako hakuna wingu, na pa kupandia ni pachache. Mafuriko ya ghafla ya namna hiyo yaliua watu humu mwaka wa 2012, na tena 2019.

Mdogo alilia. Hatukumkemea, tulimweleza ukweli huo kwa maneno anayoyaelewa. Kisha tukapanda baiskeli hadi Mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba iliyo karibu na Lango la Elsa, ambako pimbi walikuwa wakiota jua. Akaanza kuwahesabu, machozi yakakauka.

Mzazi mwenzangu, ukienda msimu huu, uliza hali ya korongo langoni kabla ya kuwaahidi watoto. Beba viatu na nguo za kubadilisha. Mkiwa bondeni popote pale, maji yakigeuka rangi, yakianza kubeba vijiti au mkisikia mngurumo, pandeni juu mara moja. Msirudi kuchukua mfuko. Na mwelekezi akikataa, usimbembeleze wala usimwongezee pesa. Korongo halihami. Kiangazi kitafika.