Kutoka Mpaka Mpaka Kigali

Neno "boda" limezaliwa huku kwetu. Ukibisha, njoo Busia tubishane. Wazee wanasimulia kwamba miaka ya 60 na 70, kati ya ofisi za Kenya na za Uganda kulikuwa na kipande cha barabara kisicho cha mtu, na gari haliwezi kukipita bila makaratasi. Vijana wakaona kazi. Wakafunga mto kwenye keria ya baiskeli, wakaanza kuita abiria: boda, boda! Leo hata Dar es Salaam wanalitumia neno hilo, na wengi wakilisikia wanafikiria nduthi tu. Lakini lilianza na pedali.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao, kabla nduthi hazijamnyang'anya abiria. Alikuwa na Black Mamba, chuma kizito cha gia moja. Nyuma anabeba mtu, au gunia la mahindi, au kreti za soda zilizofungwa kwa blada. Siku nyingine alikuwa anaenda Malaba na kurudi, kama kilomita 60 hivi, halafu jioni anatoka tena kutafuta ya unga. Hakuna mtu aliyeita hayo mazoezi.

Ndiyo maana tangu nianze kufuatilia mbio za baiskeli, swali langu limekuwa moja tu. Kama miguu tunayo, mbona ubingwa wa dunia unatupita?

Na miguu tunayo kweli. Mwaka 2008 Nicholas Leong, mpiga picha kutoka Singapore, aliwachukua vijana wawili wa Eldoret, akawapeleka Ufaransa kupanda Alpe d'Huez, mlima maarufu wa Tour de France: karibu kilomita 14, kona 21. Samwel Mwangi alikuwa mng'arisha viatu. Zakayo Nderi alikuwa boda boda wa baiskeli, kama mjomba. Nderi alifika juu kwa dakika 42 na sekunde 10. Kwa jamaa aliyezoea kubeba abiria, hiyo si mchezo.

Sasa tuende Malaba. Siku mbaya, malori yanapanga foleni kilomita kadhaa na madereva wanalala chini ya trela. Hujawahi kusikia mtu akisema wamekwama kwa sababu hawajui kuendesha. Kila mtu anajua shida iko mbele, kwenye dirisha la makaratasi. Lakini Mwafrika asipoonekana kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli, watu wanaanza kuuliza kama ana kipaji.

Mwanariadha wa marathoni akikimbia muda mzuri, saa inamtetea. Kwenye baiskeli za barabarani, nafasi za nchi zinategemea sana pointi, na mbio nyingi zenye pointi ziko Ulaya. Hata kujua kukata kona katikati ya kundi la watu 150 unajifunza kwa kushindana humo humo. Kufika huko unahitaji viza, na viza inataka barua ya mwaliko, taarifa ya benki na hela ya kusubiri Nairobi.

Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kunolewa na David Kinjah kule Kikuyu, alieleza mwenyewe kwenye kitabu chake, The Climb, alivyoingia mashindano ya dunia ya chini ya miaka 23 kule Salzburg mwaka 2006. Alitumia barua pepe ya mkuu wa chama cha baiskeli cha Kenya, akaandika kama vile ndiye yeye, akajisajili. Sisi wa Busia hatushangai. Hiyo tunaiita njia ya panya. Ila Froome alikuwa na mlango mwingine pia: familia yenye asili ya Uingereza. Mwaka 2008 akachukua leseni ya huko, na baadaye akashinda Tour de France mara nne. Nderi hakuwa na mlango wa pili.

Suleiman Kangangi, Sule, alitaka mlango ufunguliwe kwa wote. Alikuwa ameshika nafasi ya tatu Tour du Rwanda mwaka 2017, na baadaye akawa nahodha wa Team Amani, timu iliyochanganya Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Wazo lao lilikuwa rahisi: kama sisi hatuwezi kuzifikia mbio, basi mbio zije kwetu. Mwaka 2021 wakaanza mbio za murram kule Maasai Mara. Juni 2023, Safari Gravel pale Hell's Gate ikawa mbio ya kufuzu: ukimaliza katika asilimia 25 ya kwanza ya kundi la umri wako, unaenda mashindano ya dunia.

Sule hakuiona siku hiyo. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka kwenye mbio za Vermont Overland, Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Aliyeshinda siku hiyo alikuwa mwenzake wa timu, John Kariuki.

Halafu, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yakaja Kigali, mara ya kwanza Afrika. Tangu 2014 Mkenya anavuka Uganda hadi Rwanda kwa kipande tu. Yaani njia ya basi kwenda ubingwa wa dunia ilipita hapa hapa mpakani. Nilimwonyesha mjomba mbio za wanaume kwenye simu: kilomita 267.5, milima kila mahali, na waliomaliza ni 30 tu. Akatazama kimya, kisha akauliza:

"Na hawa wote hawajabeba mtu?"

"Hapana, mjomba."

"Sawa. Wacha wapumzike."

Mwaka 2026 mashindano yanahamia Montreal, na kipande hakitoshi tena. Mimi sitaki Kigali iwe hadithi ya kusimulia kama ile ya boda ya kwanza. Nataka mbio ya kufuzu hapa, Busia hadi Malaba, vijana wapite malori yakiwa kwenye foleni. Kuvusha watu tumeshavusha vya kutosha. Sasa tuvuke wenyewe.