Profesa na beseni la unga

Mimi ni bwana shamba hapa Kilimatinde. Mvua zetu ni chache. Kwa miaka mingi nimewahimiza wananchi walime muhogo, maana mtama ukikauka muhogo hubaki. Muhogo mchungu niliusifu zaidi, kwa sababu nguruwe pori hawaupendi.

Mwaka mmoja wa njaa mama mmoja aliniita nyumbani kwake. Watoto wake wawili walikuwa wametapika usiku kucha. Aling'oa muhogo mchungu, akauanika siku mbili tu, akautwanga, akapika ugali. Njaa haingoji. Watoto walipona, lakini mama aliniuliza, "Bwana shamba, mbona ulitufundisha kupanda tu?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kuuliza na kusoma. Ndipo nilipopata habari za Profesa Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra.

Profesa huyu alichunguza kemia ya vitu vyenye uhai. Kwanza alichunguza sufu ya kondoo. Baadaye akageukia viazi vikuu, magimbi na muhogo. Alipostaafu hakupumzika. Aliendelea na muhogo, tena sumu yake.

Sumu hiyo huitwa sianidi. Mtu akila muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa siku nyingi, bila maharage, nyama wala samaki, miguu yake inaweza kupooza ghafla. Haiponi tena. Ugonjwa huo ni konzo. Huwapata zaidi watoto na akina mama. Ulionekana Tarime mwaka 1985. Baada ya mwaka 2000 ulionekana Mtwara na Mbinga.

Profesa alijua kwamba maji huifanya sumu iliyobaki katika unga igeuke hewa na kuruka. Mwaka 2006 alitangaza njia yake. Mimi nilitazamia mashine! Kumbe ni beseni.

Tia unga mkavu katika beseni, usawazishe. Weka alama ubavuni mahali unga ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha maji. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi sentimita moja. Uache kivulini saa 5, au juani saa 2. Pika siku hiyo hiyo, usiulaze.

Akina mama wa kijiji cha Kay Kalenda, huko Kongo, walianza njia hii mwaka 2010. Kwa muda waliofuatwa na wataalamu, hakuna mgonjwa mpya wa konzo aliyeonekana pale.

Nilirudi kwa yule mama na beseni mkononi. Alinitazama nikikoroga, akacheka. "Profesa mzima, kwa jambo hili?" Nikamwambia, ndiyo, mzee wa kustaafu.

Beseni lake sasa lina alama ya mkaa. Nikipita hapo hunikaribisha ugali. Mimi hutazama mkeka kwanza, naye anajua ninatafuta nini.