Shajara ya Mshono

Jumatano, 8 Mei 2024. Nyihogo, Kahama

Nimeruhusiwa hospitali jana mchana, baada ya kupasuliwa ngiri. Niko kwa dada, chumba cha uani. Wamekipandisha kitanda juu ya matofali ili nisihangaike kuinuka.

Usiku wa kwanza nauandika kabla ya yote, maana hakuna aliyekuwa ameniambia habari zake. Walinichoma ganzi ya mgongo, mwili ukafa kuanzia kitovuni kwenda chini. Nilikuwa macho muda wote, nasikia vyuma vinagongana kwenye trei. Maumivu yalikuja usiku, na hayakuwa ya kidonda. Yalikuwa ya kibofu. Mkojo ulijaa ukakataa kutoka. Nilisimama ukutani, nikafunguliwa bomba nisikie maji, wapi. Nesi alikuja na mpira wa mkojo akasema, "Baba, wewe si wa kwanza. Ganzi inalaza kibofu pamoja na miguu." Ulipotoka wote nililia mbele ya wagonjwa wenzangu, na hakuna aliyenicheka. Nusu ya wodi ilikuwa imepitia hayo hayo.

Ngiri yenyewe nimeishi nayo miaka. Nikivuta winchi kwenye duara, shimo letu la dhahabu, inatoka kwenye kinena cha kulia, nikilala inarudi. Mwaka huu ikaanza kugoma kurudi. Daktari alinieleza kwamba utumbo ukinasa pale mlangoni, damu haifiki, unakufa kwa saa chache, na mwenye utumbo hufuata asipopasuliwa upesi. Hapo sikubishana tena.

Jumamosi, 11 Mei

Korodani ya kulia imevimba na ngozi imekuwa nyeusi mpaka chini kabisa. Dada ni mkubwa wangu, hawezi kuniangalia huko, kwa hiyo shemeji ndiye anayenisafisha. Mtani wangu huyu, ambaye kwa kawaida hapitishi siku bila kunitania, leo alinyamaza alipoona. Kunyamaza kwake ndiko kulikonitisha.

Tukapiga simu wodini. Nesi akasema damu ya pale palipokatwa huteremka chini kwa uzito wake, itanyonywa na mwili. Nivae chupi ya kubana, nikilala niweke taulo lililokunjwa chini ya korodani ziinuke. Homa ikipanda, au uvimbe ukizidi kukua, nirudi mara moja.

Choo ni vita nyingine. Tangu Jumapili sijaenda. Nikijikamua nahisi mshono wote unavutwa. Dada ananipa papai asubuhi, mlenda mchana, na maji mengi. Nikitaka kukohoa nabana mto kwenye kinena kwanza. Vumbi la Kahama halimpi mtu nafasi ya kujiandaa.

Alhamisi, 16 Mei

Usaha. Kona ya chini ya mshono ilikuwa nyekundu tangu juzi, inapiga, na usiku wa jana nilitetemeka. Zahanati wamekata nyuzi mbili, wakaminya. Harufu ilijaa chumba. Wameosha kwa maji ya chumvi, wakaingiza shashi ndani ya shimo lenyewe, wakasema halishonwi tena, litajaa lenyewe kutoka chini. Kila siku nirudi kubadilishiwa.

Kadi ya bima ya afya, CHF iliyoboreshwa, imenisaidia. Mke wangu, Mama Kulwa, ndiye aliyelipa ile 30,000 ya mwaka kwa kaya yetu ya watu sita, wakati mimi nilikuwa nasema pesa hiyo inatosha mafuta ya karasha, mashine ya kusagia mawe. Namshukuru hapa kwa maandishi, na nitamshukuru kwa mdomo akija.

Jumapili, 2 Juni. Nyarugusu

Shimo limejaa. Nimerudi nyumbani kwa gari la mchomoko, nyuma tulikaa wanne mahali pa watatu, na kila tuta nililihesabu kwa kinena. Watoto wamekatazwa kunirukia. Doto hakuelewa, akalia.

Jumatatu, 17 Juni

Idd el-Adha. Jirani ameleta pilau na nyama, tumekula vizuri.

Kidonda kimefunga kabisa, kovu limekauka, na bado naumwa. Haya si maumivu ya mwezi uliopita. Yale yalikuwa mazito na yalikaa mahali pamoja. Haya yanashuka kutoka juu ya kovu, yanapita ndani ya paja na kwenye shina la uume, kama waya wa umeme uliochubuka. Kitambaa cha suruali kikigusa tu, naruka. Wakati huohuo, vidole viwili kando ya hapo, pamekufa ganzi: nikipabana na ukucha sisikii chochote. Panadoli haifanyi kitu. Diklofenaki inapunguza kidogo, kisha tumbo linaungua.

Mama Kulwa anasema nimpe muda Mungu. Nampa. Lakini naandika ili tarehe ziwepo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Redio ya jirani inasoma hotuba. Miezi mitatu imetimia, hii ndiyo niliyoambiwa nisiinue kitu kizito, na sikuinua hata ndoo ya maji, wanangu wanashuhudia.

Bosi wa duara alikuja jioni. Si mtu mbaya, alileta sukari na sabuni. Akakaa, akaangalia kovu, akasema, "Mbona pamepona?" Akanitajia vijana watatu waliopasuliwa ngiri wakarudi kazini mwezi wa pili. Sikumpinga, ni kweli wamerudi, na wengi hurudi. Kilichoniuma ni ile sauti ya upole ambayo mtu huitumia akishaamua kwamba unadanganya.

Kule kwenye duara mimi nilikuwa mvuta winchi, na mwenye daftari la viroba pia kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kiroba cha mawe kikitoka chini kinavutwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mti, usiku na mchana kwa zamu. Kikifika juu unakibeba begani mpaka kwenye lundo, kutoka kwenye lundo mpaka kwenye karasha. Daftari linaonyesha viroba vingapi vimetoka. Halina safu ya nani aliyevivuta.

Sheria ya fidia ipo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, na mtu wa mgodi mkubwa, mwenye mkataba, mwajiri wake anamchangia. Akiumia kazini ana pa kwenda. Mimi sina mkataba, nina mgao. Dhahabu ikipatikana tunagawana. Isipopatikana tumekula ugali na maharage ya bosi, basi. Toka niugue, mgao wangu ni wa mtu aliyesimama mahali pangu kwenye winchi, na ndivyo inavyostahili. Lakini ngiri iliyotokana na kazi ile inahesabiwa kuwa yangu peke yangu. Hili naliona si haki, na ningelisema mbele ya mtu yeyote, mwenye leseni au waziri.

Kuna jambo jingine, naliandika kwa sababu daftari hili halisomwi na watoto. Chumbani nako kunauma. Tendo lenyewe linaweza kufanyika, maumivu yanakuja mwishoni, makali kiasi kwamba nimeanza kukwepa. Mama Kulwa alidhani nimemchoka. Jana nilimweleza yote, akanishika mkono, tukalala. Sokoni Katoro gari la matangazo linapita likitangaza dawa ya unga ya ngiri na nguvu za kiume kwa pamoja. Wanaume wananunua kwa siri. Najua wanachokimbia: kuulizwa swali moja mbele ya watu.

Jumanne, 3 Septemba. Mwanza

Nimefika hospitali ya Bugando kwa barua ya rufaa. Tulivuka Kigongo kwa feri, nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa ndiko kunakobana. Pembeni nguzo za daraja zimekwisha simama majini mpaka Busisi. Wakilimaliza, mgonjwa wa Geita hatasubiri tena feri usiku.

Daktari ni kijana. Hakuniuliza kama nimebeba mzigo. Aliniuliza panapouma, akachukua kalamu, akapita na ncha ya pamba taratibu juu ya ngozi: hapa unasikia? hapa panachoma? hapa pamekufa? Akachora mstari kufuata majibu yangu. Alipomaliza, kwenye ngozi yangu kulikuwa na ramani ya kile ambacho kwa miezi nimekuwa nikikieleza na watu wakitazama pembeni.

Akanieleza. Katika kinena zinapita njia tatu za mishipa ya fahamu, nyembamba. Daktari wa upasuaji akifungua pale hukutana nazo. Mmoja ukikatwa, ukinaswa na uzi, au ukizingirwa na kovu, unaanza kupeleka habari ya maumivu hata kidonda kikiwa kimepona. Usaha niliopata huongeza kovu. Karibu mtu mmoja katika kumi waliopasuliwa ngiri ya kinena hubaki na maumivu ya kumsumbua baada ya miezi mitatu. Mmoja katika kumi! Duara letu lina watu zaidi ya hao. Nilimuuliza mbona sikuambiwa kabla. Akasema mgonjwa ana haki ya kuambiwa. Ningeambiwa, ningekubali kupasuliwa vilevile, ila nisingekaa miezi nikijishuku.

Kisha akachoma sindano ya ganzi pale alipochora. Dakika chache nikasimama, nikatembea mpaka dirishani, nikakunja mguu. Hakuna kitu. Niliinama nikafunga kamba za viatu mwenyewe. Akasema ganzi itaisha jioni na maumivu yatarudi, lakini sasa tunajua yanatoka wapi. Kwangu hilo lilitosha kwa siku moja.

Nilimuuliza habari ya wavu, maana kuna mtu wodini alisema wenye pesa huwekewa wavu. Akanisimulia kwamba zamani, tangu Bassini wa Italia mwishoni mwa miaka ya 1880, nyama za kinena zilivutwa zikashonwa pamoja, na kuvutana huko ndiko kunakouma na kukatika. Wavu hufunika udhaifu bila kuvuta, ngiri hurudi kwa nadra zaidi. Nao una maumivu yake, si dawa ya kila kitu, ila pale palipo na wavu na mkono uliozoea, ndio chaguo la kwanza. Tatizo bei. Mashariki mwa Uganda walijaribu kwa wanaume 302: nusu wakawekewa wavu wa kiwandani, nusu wavu wa chandarua kisicho na dawa ya mbu, kilichotakaswa kwa mvuke. Matokeo yalichapishwa 2016. Baada ya mwaka, ngiri ilikuwa imemrudia mmoja tu, wa upande wa chandarua. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Kuna watu walikaa wakawaza juu ya kinena cha mtu maskini, wakampima kwa uangalifu uleule wa mwenye pesa.

Nimepewa amitriptilini, kidonge kidogo usiku. Isiponifaa kuna sindano nyingine, na mwisho kabisa kuukata mshipa wenyewe.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kinywa kikavu, asubuhi nachelewa kuamka, lakini nalala. Maumivu yamepungua, hayajaisha. Suruali navaa.

Leo kwenye winchi wazee walikuwa wanakumbuka Nyangalata. Tarehe kama hii mwaka 2015 duara lilifukia watu kule wilaya ya Kahama, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wamekula mende na vyura gizani. Nchi nzima iliwaona. Nami nilifurahi kama wengine, na bado nafurahi nikikumbuka. Ila nimekaa nikawatazama hawa wazee walionizunguka: mmoja mgongo, mmoja kifua cha vumbi la karasha, wawili nina hakika wana ngiri kwa jinsi wanavyoshika kinena wakikohoa. Hawa hakuna duara lililowafukia, hivyo hakuna aliyekuja na kamera.

Bosi amenirudisha kwenye daftari pekee, bila winchi. Mgao ni mdogo. Nimeongeza safu ya majina ya wavutaji kila zamu. Hakuuliza kwa nini.

Jumatano, 27 Novemba

Uchaguzi wa serikali za mitaa. Nimesimama foleni saa mbili nzima, paja likaanza kuwaka, nikaegemea ukuta wa shule mpaka zamu yangu.

Aliyekuwa nyuma yangu ni yule kijana anayevuta winchi mahali pangu. Tulipotoka akanivuta pembeni, akanionyesha. Upande wa kushoto, ukubwa wa yai, ikirudi akilala. Akasema, "Baba Kulwa, wanasema wewe ulipasuliwa ndiyo ukaharibika. Mimi sipasuliwi."

Nilimkalisha chini ya mwembe, nikamwambia yote bila kuficha: mkojo, weusi, usaha, waya, chumbani. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha nikamwambia kuhusu utumbo unaonasa na saa chache za kuuokoa, na barabara ya kutoka huku usiku wakati wa mvua. Sasa hivi yake ni laini, inarudi. Apasuliwe mchana, kwa miadi, akiwa na nguvu. Nikampa karatasi yenye maswali ya kumwuliza daktari: mtatumia wavu? mishipa ya fahamu mtaiangaliaje? nikibaki na maumivu baada ya miezi mitatu nirudi kwa nani?

Alisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye soksi ambamo huweka pesa.

Tumekubaliana aende hospitali Jumatatu. Zamu zake bosi amekubali zigawanywe na mgao wake usiguswe mwezi wa kwanza. Nimemfanya aandike kwenye daftari na kutia sahihi. Mama yake kijana yuko Solwa, nimempigia. Atakuja kumuuguza, ameomba tu tumwambie ashukie stendi gani.